Masikio Hayana Spea

Makomredi, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkasema nimekuja kuwahubiria.

Ilikuwa Jumamosi mwendo wa saa nne asubuhi, uwanja wa Wilson, Nairobi. Nilikuwa na saa 14 tu kwenye kitabu changu cha kuruka. Naendesha Cessna 172, mwalimu wangu ameketi kulia, na kazi ya siku hiyo ilikuwa mizunguko: unapaa, unauzunguka uwanja, unatua, unapaa tena. Nikiwa juu, sambamba na njia ya kutulia, mnara ukaniita. Kwa Kiingereza cha redioni waliniambia niendelee mbele tu, na kwamba wao ndio wangeniambia lini nigeuke. Mimi nilichoshika ni maneno ya mwisho, yale ya kugeuka. Mwanzo wa sentensi ulimezwa na ngurumo ya injini. Nikajibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua kwamba hajasikia, nikainamisha bawa, nikaanza kugeuka.

Mwalimu alishika usukani kabla sijafika popote. "Nimeishika mimi," akasema, na ndege ikarudi ilikokuwa. Sekunde chache baadaye nikaiona Caravan ya abiria ikiteremka kwa mstari ulionyooka, kuelekea palepale nilipokuwa nataka kujipeleka. Haikuwa karibu kiasi cha kuandikwa magazetini. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka tukazima injini.

Tuliposhuka nilijua nitagombezwa. Sikugombezwa. Kapteni aliichukua hedseti niliyokuwa nimevaa, akaigeuza, akanionyesha. Mto wa sikio la kushoto ulikuwa umepasuka na sponji imechungulia nje kama ile ya viti vya matatu ya zamani. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia ni ile ya chuo cha urubani ninakojifunza, ile inayoning'inia kwenye msumari ofisini, anayewahi ndiye anayeivaa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Binti yangu, masikio hayana spea. Ya gari utaenda Kirinyaga Road utapata. Ya masikio hakuna."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo. Najua wengi wenu hamrushi ndege. Lakini hapa chuoni tuko wachache tunaosomea uhandisi wa ndege huku wikendi tukikimbizana na leseni, na kila muhula naona wengine wanaanza. Kila anayeanza huniuliza swali lilelile: ninunue hedseti gani? Na karibu kila mmoja anauliza akiwa na jina la kampuni tayari mdomoni, kama mtu anayechagua simu. Mimi nasema hilo ni swali lililopinduliwa. Hedseti ya rubani wa ndege ndogo ichaguliwe kwa masikio na kichwa cha mwenyewe kwanza, mfuko wa pili, jina la mwisho kabisa. Na starehe, ambayo watu huiona kama anasa, ndiyo kinga yenyewe.

Kelele zenyewe zikoje

Chumba cha rubani wa ndege ya injini moja si kama kile cha ndege kubwa mnachokiona kwenye sinema. Injini iko mbele ya magoti yako, propela iko mbele ya injini, na kati yako na vyote hivyo kuna bati jembamba na kioo. Ndani ya ndege kama Cessna 172 kelele huwa kati ya desibeli 85 na 100 hivi, kutegemea ndege yenyewe na nguvu unayoitumia.

Sasa linganisha. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa 1. Ukifika 100 unabaki na dakika 15. Somo moja la kuruka, pamoja na kuwasha, kutembea ardhini na kusubiri zamu, linamaliza saa moja na zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Sisi wa Wilson tuna na letu la ziada. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, kwa hiyo injini ndogo inapungukiwa nguvu na ndege inapanda polepole. Maana yake unakaa muda mrefu zaidi ukiwa umeifungulia injini mpaka mwisho, na hapo ndipo inapopiga kelele zake zote.

Kinachoumia ni seli ndogo zenye vinyweleo ndani kabisa ya sikio. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Na haziumi zikifa, ndiyo maana mtu hajui. Mara nyingi uharibifu wa kelele huanzia kwenye sauti za juu, karibu na hertz 4,000. Huko juu ndiko zinakokaa sauti kama s, f na t. Kwa hiyo mtu aliyeanza kuharibika hasemi "sisikii". Anasema "nasikia wanaongea lakini sishiki wanasema nini". Kwa mtu wa kawaida hilo ni kero ya mezani. Kwa rubani ni hatari, kwa sababu redioni maagizo yanakuja mara moja, haraka, na wenzako watano wanasubiri kuongea. Si bure marubani wote duniani wamefundishwa kutamka tisa ya Kiingereza "niner" na tano "fife". Ni kwamba five na nine, zikipita kwenye redio yenye mikwaruzo, zinafanana kama mapacha.

Kuna na suala la ajira. Viwango vya kimataifa vya afya kwa rubani wa kibiashara, vya ICAO, vinataka upungufu wako wa kusikia usizidi desibeli 35 kwenye hertz 500, 1,000 na 2,000, wala usizidi 50 kwenye hertz 3,000. Ukivuka hapo, unaingia kwenye vipimo vya ziada kuthibitisha kwamba bado unamudu kusikia penye kelele. Fikiria mzazi ameuza shamba ulipiwe ada ya urubani, halafu kinachokurudisha nyumbani si mtihani, ni sikio uliloliharibu mwenyewe katika saa zako za kwanza za mafunzo.

Aina mbili, kazi mbili

Hedseti za ndege ziko za namna mbili. Ya kwanza inazuia kelele kwa mwili wake: kikombe kigumu, sponji ndani, mto wa kubana sikio, basi. Haina betri. Mfano unaojulikana sana ni David Clark H10-13.4, ile ya kijani ambayo utaikuta karibu kila uwanja wenye ndege ndogo. Kinga yake ya maabara ni kama desibeli 23. Bei yake mpya ni kama dola 400, yaani zaidi ya shilingi 50,000 kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Ya pili ina hayo yote, na ndani ya kikombe imewekewa kipaza sauti kidogo kinachosikiliza kelele iliyopenya, kisha mtambo wake unatoa sauti iliyo kinyume cha kelele hiyo. Wimbi likipanda, lake linashuka, na mawili yanauana. Hizi ndizo za betri, na ndizo zenye bei ya kutisha. Bose A30, kwa mfano, ni kama dola 1,300. Hiyo ni zaidi ya shilingi 160,000, na sijui wewe, lakini mimi pesa ya HELB ikiingia huwa tayari ina wenyewe.

Kwa nini ziwe mbili? Hapa uhandisi unasaidia. Injini ya Cessna 172 angani huzunguka kama mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Propela ina mapanga mawili, kwa hiyo hewa inapigwa mara 80 kwa sekunde. Injini yenyewe ina silinda nne, na kila mzunguko silinda mbili zinalipuka, hapo tena unapata mara 80. Hiyo ni sauti nzito sana, ngurumo ya chini, ile unayoisikia kifuani kuliko masikioni. Sponji na plastiki hukamata vizuri sauti za juu, lakini ngurumo ya hertz 80 hupenya ukuta kama besi ya matatu inavyopenya hosteli usiku. Ile hedseti ya betri ndiyo inayoimudu, kwa sababu mawimbi marefu ya sauti nzito ni rahisi kuyapinga kuliko mafupi ya juu.

Wazo hilo lina historia yake. Mwaka 1978 Amar Bose, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani. Akavaa vipokea sauti vya abiria, akakuta kelele za ndege zinameza muziki. Akaanza kupiga hesabu palepale kitini. Mwaka 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua wala kuongeza mafuta, siku 9 nzima, walibeba hedseti za majaribio za kampuni yake ili masikio yao yasalimike. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani. Nasimulia haya kwa sababu moja: teknolojia hii haikuanza kama urembo wa matajiri. Ilipokabidhiwa marubani ilikuwa kinga.

Starehe ndiyo kinga

Sasa nije kwenye hoja ambayo watu hubishana nami.

Zile desibeli 23 au 24 zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa maabara, mto ukiwa umelala vizuri juu ya ngozi. Kichwa chako si maabara. Hedseti ikibana mno, baada ya dakika 40 utaanza kuisogeza. Utainua kikombe kimoja upumue. Utaivua kidogo mkiwa ardhini mnasubiri, injini inaendelea kulia. Jioni moja niliketi nikapiga hesabu kwa kanuni ileile ya NIOSH: mtu mwenye kinga ya desibeli 24 akiivua kwa asilimia 10 tu ya muda, kinga yake halisi inashuka hadi kama desibeli 10. Katika safari ya saa mbili, asilimia 10 ni dakika 12. Dakika 12 za kujikuna zinakula zaidi ya nusu ya ulichonunua.

Kwa hiyo hedseti ya bei nafuu unayoisahau kichwani inakulinda kuliko ya bei kali unayoipigania. Ndiyo maana nasema uanze na kichwa chako. Na vichwa vyetu vina mambo yake ambayo watengenezaji hawakuyafikiria sana.

Mimi nina misuko. Hedseti yenye utepe mwembamba juu hukandamiza mafundo ya nywele kwenye ngozi, na ukifika saa ya pili utadhani umevaa taji la miiba. Nilichojifunza ni kwamba mto wa juu wa kichwa uwe mpana, na siku ya kuruka nywele zifungwe chini kisogoni, si juu.

Navaa miwani pia. Mkono wa miwani hupita chini ya mto wa sikio na kuacha upenyo, na kelele haihitaji mlango mkubwa. Fremu nene za mtindo zinapendeza darasani, lakini angani chukua zenye mikono myembamba na iliyonyooka. Mito ya jeli au ya sponji laini hujifinyanga kuzunguka mkono wa miwani vizuri kuliko mito migumu iliyokauka.

Rafiki yangu mmoja anavaa hijabu. Alipoanza, kila mtu alimshauri kununua hedseti ya bei ghali, eti hiyo itamaliza shida. Haikuwa shida ya bei. Kitambaa chenye mikunjo chini ya mto ni upenyo kama wa miwani tu. Alichofanya ni kuvaa kitambaa chembamba cha kunyoosha, kisicho na mkunjo mahali pa sikio wala pini pembeni, akajaribu hedseti tatu tofauti za watu akiwa amevaa hivyohivyo. Ya kijani ilimkaa. Hajafikiria ya betri tena.

Halafu kuna jasho. Mchana ukiwa umeegesha juani Wilson, ngozi ya plastiki ya mito inateleza na kuwasha. Kuna vifuniko vya kitambaa vya kuvalisha mito. Vinapunguza kinga kidogo, lakini kama ndivyo vitakufanya usiivue, vivae.

Namna ya kujaribu ni hii, na haina gharama. Azima hedseti ya mwenzako jioni, ivae chumbani ukisoma, saa nzima, ukiwa na miwani yako na nywele zako. Usijaribu kwa dakika mbili dukani ukitabasamu kwenye kioo. Saa ikiisha jiulize: kuna mahali panauma? Kuna wakati niligusa hedseti bila kufikiri? Kisha tafuna kitu, tikisa kichwa, angalia juu na chini kama unatafuta ndege nyingine. Ikihama, siyo yako.

Kabla hujalipa, angalia na plagi. Ndege ndogo nyingi hutumia plagi mbili, nene ya kusikilizia na nyembamba ya kipaza sauti. Helikopta nyingi hutumia moja. Kuna ndege zenye tundu maalum linaloipa hedseti umeme wa ndege, na hedseti ya tundu hilo haitaingia kwenye ndege ya kawaida. Nimeona mtu ameletewa hedseti nzuri na shangazi yake kutoka ng'ambo, na plagi ikakataa.

Na kipaza sauti usikisahau. Kikae karibu kabisa na midomo, kiasi cha upana wa kidole au pungufu. Kikiwa mbali, mnara unasikia injini yako kuliko wewe. Starehe ya kusikia ina upande wa pili, ambao ni kusikika.

Wanaosema tunadeka

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni hii: wazee waliruka bila haya mambo, mbona wako hai? Ni kweli waliruka. Mkae nao basi mezani mwongee. Kapteni wangu mwenyewe huniambia nirudie maneno nikiwa upande wake wa kushoto, na akicheka husema sikio hilo lilibaki kwenye ndege ya kunyunyiza dawa miaka ya themanini. Wazee wetu hawakutuachia ushujaa wa kuiga hapo. Walituachia onyo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na sitaipuuza. Wapo walimu wanaosema hedseti ya betri inamficha mwanafunzi sauti ya injini, na rubani anatakiwa aijue injini yake kwa sikio. Nakubali nusu. Mwanafunzi anayeanza ajue injini ikiguguma inasikikaje. Lakini hedseti hizi hazileti ukimya. Zinapunguza ngurumo, na mabadiliko ya mlio bado yanasikika na kutetemeka kwa kiti kuko palepale. Tena injini ina saa zake mbele yako: mizunguko, mafuta, joto. Rubani anayesubiri sikio limwambie kila kitu amechelewa. Kwa anayeanza nashauri aanze na ile isiyo ya betri, si kwa sababu ya hoja hii peke yake, bali kwa sababu haina kitu cha kumzimikia angani. Betri ikiisha, ile ghali inabaki kuwa kikombe na sponji tu, na mwanafunzi aliyezoea utulivu atashtuka wakati mbaya.

Hoja ya tatu ni ya vijana wenzangu: mbona nisivae headphones zangu za Bluetooth zinazozima kelele? Hapana, bwana. Hazina kipaza sauti cha kuzuia kelele ya injini wala plagi ya redio ya ndege, na nyingi vikombe vyake ni vyepesi, havizuii sauti za juu inavyotakiwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya abiria. Wewe hapo mbele si abiria.

Pesa itatoka wapi

Hapa ndipo makomredi hunitazama kama nimewatania. Shilingi 50,000 ni kodi ya miezi. Sikatai. Lakini kwa bei ninayolipa mimi, hiyo ni kama saa tatu za kuruka, na leseni ya binafsi peke yake inataka angalau saa 40. Tunalipia saa zote hizo bila kulia, kisha tunazisikiliza kupitia mto uliopasuka.

Nina mapendekezo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza ni la leo hii. Nunua vizibo vya sponji vya masikio kwa duka la dawa, vile vya bei ya chai na mandazi, uvivae chini ya hedseti ya kuazima, kisha uongeze sauti ya redio. Sauti ya mnara itakuja juu na ngurumo itabaki chini. Nimefanya hivyo kwa wiki sita na sikuwahi kukosa neno.

La pili ni la kwetu wenyewe. Sisi watu wa nchi hii tunajua chama. Mama zetu wamenunua sufuria, ng'ombe na ploti kwa chama. Wanafunzi watano wa urubani hatuwezi kushindwa na hedseti. Haturuki saa moja sote. Kila mmoja akitoa 4,000 kwa mwezi, kwa miezi mitano tuna 100,000. Hiyo inakaribia hedseti mbili nzuri zisizo za betri, na mtu akipata zilizotumika lakini nzima, inabaki na chenji. Kisha kila mtu anunue mito yake ya masikio na kifuniko chake cha kipaza sauti, kwa sababu mito hiyo inatoka na kurudi kwa dakika chache. Hedseti ni ya wote, jasho ni la mwenyewe. Ukimaliza leseni unauzia anayefuata fungu lako. Tumeanza, tuko wanne, tunatafuta wa tano.

La tatu nalielekeza kwa viongozi wetu wa umoja wa wanafunzi. Mnapokaa na vyuo vya urubani wanakojifunza wanachama wenu, mnaongea ada na punguzo. Ongezeni swali moja: hedseti za kuazima zinakaguliwa lini, na mito inabadilishwa lini? Ndege hairuhusiwi kupaa na tairi lililochakaa. Kwa nini mwanafunzi aruke na mto uliopasuka? Jozi ya mito ni sehemu ndogo sana ya bei ya hedseti. Hili halihitaji maandamano. Linahitaji mtu mmoja aulize kwa barua na asichoke kuuliza.

Siku ile ya Caravan, usiku nikiwa kitandani hosteli, taa zimezimwa, nilisikia mlio mwembamba sikio la kushoto, kama kettle iliyo mbali. Nikadhani ni simu ya mwenzangu. Nikainuka nikaitafuta. Haikuwa simu. Ulikaa siku mbili, kisha ukaisha, na daktari aliyenipima wiki iliyofuata alisema nimebahatika, kusikia kwangu bado kuko sawa. Akaniambia nisiutegemee huo uvumilivu wa sikio mara ya pili.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Zamani niliichukulia kama methali ya watu wakaidi. Siku hizi nikiwa natundika hedseti yangu, mito mizima, waya umekunjwa vizuri, huona kwamba methali hiyo inaweza pia kusomwa neno kwa neno. Ile nyingine bado inaning'inia kwenye msumari wake ofisini. Jumamosi ijayo kuna mtu ataivaa. Kama ni wewe, anza na vizibo, halafu njoo, nafasi ya tano kwenye chama bado iko wazi.